Mke na mume msisaini kwa mwajiri mmoja Thailand. Kaka, kiwanja usiuze kwanza

Kaka, usiuze kiwanja. Hicho cha Kihonda kiache kilivyo, na hiyo pesa ya kutangulia anayoidai wakala usiitume mpaka umalize kusoma hapa.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mtoa mada ni mwalimu Morogoro, mkewe naye mwalimu, wote wana shahada ya ualimu. Wakala anawapeleka kaskazini mashariki ya Thailand kufundisha Kiingereza, wote shule moja, nyumba bure, wanaingia kwa viza ya utalii kisha "mtabadilishiwa huko huko". Ameuliza gharama za maisha, chakula, ubaguzi, shule ya mtoto, akiba, na kama auze kiwanja kulipia safari.

Suala la viza ya utalii wadau mmelishughulikia vizuri, naongeza kidogo tu. Kwa sheria ya Thailand ya wageni kufanya kazi, kama ilivyorekebishwa 2018, anayekamatwa akifanya kazi bila kibali anatozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000, anarudishwa kwao, na kibali hawezi kuomba tena kwa miaka 2. Na hilo ndilo balaa dogo. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake tangu 2022 kuhusu kazi hewa za Thailand: mtu anapokelewa uwanja wa ndege Bangkok, anapakiwa kwenye gari hadi Mae Sot, anavushwa mto Moei, asubuhi yuko Myawaddy upande wa Myanmar kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Wengi walioishia kule waliambiwa wanakwenda kufanya kazi halali Thailand. Sisemi wakala wako ni wa kundi hilo. Nasema maneno yake yanafanana mno na ya kundi hilo.

Sasa nije kwenye lile ambalo katika kurasa zote hizi hakuna aliyeligusa, na wengine mmelisifia kabisa: kwamba mke na mume wanakwenda shule moja, mwajiri mmoja, nyumba ya mwajiri. Kuna mdau kaandika "hapo Mungu amekupendelea, mtasaidiana". Mimi na mume wangu tuliambiwa hivyo hivyo na tukashukuru hivyo hivyo. Ndiyo hatua iliyotugharimu kuliko zote tulizowahi kupiga, na nikiona mtu anakaribia kuipiga tena siwezi kukaa kimya.

Jueni kwanza makaratasi ya kule yanavyokwenda, maana mtego wote umo humo. Mwalimu anaingia kwa viza ya Non-Immigrant B, ambayo ni ya siku 90. Ndani ya hizo siku 90 mwajiri anakuombea ruhusa kwa baraza la walimu la kule, Khurusapha, ufundishe kwa muda bila leseni yao. Anakuombea na kibali cha kazi. Vikipatikana, uhamiaji wanakuongezea ukaaji hadi mwaka mmoja. Kila karatasi hapo inasimama kwa jina la mwajiri. Ajira ikikatika, kibali kimekufa, na ukaaji unakufa siku hiyo hiyo. Unachoweza kufanya ni kwenda uhamiaji na baht 1,900 ukaomba siku 7 za kufunga mizigo. Ukipitiliza, kila siku ni baht 500.

Soma tena aya hiyo, halafu fikiria mko wawili na mwajiri ni mmoja.

Sisi tulikwenda 2016, na niseme wazi hatukwenda kienyeji. Viza za Non-B tulikuwa nazo kabla ya kupanda ndege, vyeti vimethibitishwa, mihuri imegongwa mpaka maandishi yenyewe yanatafutwa kwa tochi. Wapo watakaosema "kwani mkataba hamkusoma?" Tulisoma. Ulikuwa wa lugha mbili, na kipengele cha mwisho kilisema pakitokea utata, Kithai ndicho kitakachofuatwa. Tulimuuliza aliyetupeleka, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa amekaa Bangkok miaka, akajibu kwamba ni kawaida ya mikataba yote. Kweli ni kawaida. Alichonyamazia ni kwamba mwajiri wetu si shule. Ni kampuni inayosambaza walimu mashuleni: shule inailipa kampuni kwa kila mwalimu, kampuni inakata chake, mwalimu anapata kinachobaki. Na alinyamazia kwamba kampuni inamlipa yeye zaidi akileta watu wawili kwa mpigo. Tuliyajua hayo yote tulipokuwa tumeshachelewa. Alikula ugali mezani kwa mama mkwe wangu Tabata, akambariki mume wangu kwa kumwita mdogo wake. Huyo ndiye nisiyemsamehe. Kampuni ilitufanyia biashara, lakini yeye alikuwa wa nyumbani.

Muhula wa kwanza ulikuwa mtamu. Darasani una watoto zaidi ya arobaini, hawajui hata "how are you" vizuri, lakini wana adabu ya kukutoa machozi. Saa mbili asubuhi wote uwanjani, bendera inapanda, wimbo wa taifa. Mwezi Juni wana siku ya kuwaheshimu walimu, Wai Khru, watoto wanapiga magoti na kukukabidhi maua waliyoyapanga wenyewe kwa ustadi wa ajabu. Mume wangu alikuwa na darasa la sekondari, mimi la msingi, tunakwenda kazini kwa pikipiki moja na kurudi pamoja. Kama mngenihoji wakati ule ningewaambia njooni wote.

Kisha pakaanza kambi za Kiingereza za Jumamosi. Mkataba ulisema kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ya kwanza ni kusaidia, ya pili kusaidia, mara imekuwa ratiba. Nikaenda kwa meneja wa kampuni nikauliza kwa heshima zote malipo ya Jumamosi yanahesabiwaje. Hakukasirika. Alitabasamu, akaniuliza: "Kibali cha mumeo kinaisha lini?"

Hakusema neno lingine. Nilitoka pale miguu haina nguvu, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa kambini na kipaza sauti. Miezi kadhaa baadaye mume wangu akakatwa mshahara kwa siku ambazo shule yenyewe ilifungwa. Naye hakudai, kwa sababu alikuwa anafikiria kibali changu. Tulikuja kuambiana hayo tukiwa tumeshafukuzwa! Mnaona kamba ilivyofungwa? Mtu aliye peke yake akionewa anapima: nidai au ninyamaze, nikifukuzwa nimefukuzwa mimi. Mke na mume kwa mwajiri mmoja, kila mmoja ni rehani ya mwenzake. Wanandoa hawadai, hawatoroki, wala hawahami shule katikati ya mwaka. Ndiyo maana kampuni za aina hii zinawapenda wanandoa. Kile mnachokiona upendeleo ni wao kupunguza hatari zao.

Mwezi Machi mwaka wa masomo ukaisha. Kule muhula wa pili unaishia Machi na shule zinafunguliwa katikati ya Mei, na kampuni nyingi miezi hiyo hazilipi. Hilo tulilijua, tulikuwa tumejiwekea. Ila shule haikuendelea na kampuni yetu, ilichukua nyingine. Tuliitwa ofisini pamoja, tukapewa barua mbili zenye maneno yale yale na tarehe ile ile. Siku moja tulipoteza mishahara miwili, vibali viwili, ukaaji wa watu wawili na nyumba, maana nyumba nayo ilikuwa ya kampuni. Mshahara wa mwisho ukazuiliwa kwa kisingizio cha gharama za kufunga makaratasi.

Hapa naomba msome polepole, maana haki ipo. Thailand ina sheria ya ulinzi wa kazi ya 1998. Mwajiri akikukatishia kazi anatakiwa akulipe mshahara unaodai ndani ya siku 3. Ukiwa umefanya kazi siku 120 bila kufikisha mwaka, unastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 30, na kadiri unavyokaa kinaongezeka. Unapeleka malalamiko kwa mkaguzi wa kazi bila ada. Sheria nzuri kabisa. Lakini mkaguzi huyo amepewa siku 60 za kuchunguza na kutoa amri, na anaweza kuongezewa 30. Wewe uhamiaji wamekupa 7.

Siku 60 kwa siku 7. Hapo ndipo kesi yetu ilipofia, na kampuni ilijua itafia hapo. Kama mmoja wetu tu angekuwa na mwajiri mwingine, tungekuwa na paa, na mshahara mmoja wa kununulia mchele, na aliyefukuzwa angeweza kuomba kukaa kama mwenzi wa mwenye kibali. Tungemngoja mkaguzi kwa raha zetu. Badala yake tuliuza pikipiki kwa bei ya kutupa, nauli tukamkopa shemeji yangu, tukarudi Dar. Ubalozi wetu uliokuwa unahudumia Thailand ulikuwa Kuala Lumpur, nchi nyingine kabisa, kwa hiyo hata pa kwenda kulia hapakuwa karibu.

Mdau mmoja hapo juu kaandika kwamba anajua Waingereza mke na mume wamefundisha shule moja Bangkok miaka mingi bila tatizo. Sibishi. Wale wako shule za kimataifa, mwajiri wao ni shule yenyewe, na wakifukuzwa leo wiki ijayo wana barua nyingine tatu mkononi. Sisi matangazo yanaandika waziwazi kwamba wanataka mzawa wa Kiingereza, wanaomba picha kabla ya cheti, na unaona darasa lile lile mzungu anaahidiwa baht 35,000 nawe unaahidiwa nusu na kidogo. Ndiyo maana barua mbili za shule moja zinatulevya: umekataliwa kote, ghafla unaambiwa njooni wote. Hilo ndilo jibu langu la ubaguzi, kaka. Upo, na ubaya wake mkubwa si kutazamwa sokoni. Ubaya wake ni kwamba unakufanya ushukuru kwa mkataba mbaya.

Sasa kanuni yangu, na sitaipunguza hata kwa kubembelezwa: kila mmoja awe na mwajiri wake, na nyumba isiwe ya mwajiri yeyote. Kama nafasi mbili tofauti hazijapatikana, aende mmoja.

Tulipojaribu tena 2018 tulifanya hivyo. Nilitangulia mimi, nimeajiriwa na shule moja kwa moja, hakuna kampuni katikati. Nilikaa peke yangu mpaka kibali kikatoka na ukaaji ukaongezwa, halafu mume wangu akaja kwa viza ya mwenzi, Non-Immigrant O. Kwa viza hiyo hakuna kufanya kazi, hata tuisheni ya watoto wa jirani, msidanganyane. Alikaa nyumbani, akapika, akajifunza Kithai cha sokoni kunizidi, huku anatafuta. Akapata kituo cha lugha upande wa pili wa mji, nao wakamwombea makaratasi yake. Nyumba tulipanga wenyewe kwa jina langu.

Ilipoingia korona tuliona faida yake. Shule zilifungwa Machi 2020 na muhula uliotakiwa kuanza katikati ya Mei ukasogezwa hadi Julai 1. Kituo cha mume wangu hakikufunguliwa tena, kibali chake kikaisha. Safari hii hakuna aliyefunga begi. Alirudi kwenye ukaaji wa mwenzi juu ya kibali changu, tukala mshahara mmoja kwa kubana, na alipopata shule nyingine tulikuwa bado tumelala kitanda kile kile. Balaa lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, dunia nzima imesimama, na halikututoa hata nyumbani.

Najua utasema wifi yangu atakaa Morogoro peke yake miezi. Atakaa, na itauma. Iliniuma na mimi. Lakini yeye ana ajira hapo, asiiache. Mmoja wenu akiwa bado na mshahara wa nyumbani, yule aliyetangulia anaweza kumwambia mwajiri "hapana" na akalala usingizi. Nani atangulie, jibuni wenyewe kwa vyeti: anayeweza kupata shule inayoajiri moja kwa moja, mwenye alama nzuri za mtihani wa Kiingereza, maana asiye mzawa wa lugha anadaiwa ushahidi, na wengi wanataka TOEIC ya kuanzia 600. Msifikirie kwamba lazima awe mume.

Chagueni mji, si wilaya yenye shule moja. Khon Kaen, Udon Thani, Nakhon Ratchasima, Ubon Ratchathani: hapo shule ni nyingi, mmoja akiachishwa anavuka barabara. Huko anakotaka kuwapeleka wakala wako, kwa jinsi ulivyoeleza, kuna shule yenyewe na mashamba ya mpunga. Mwajiri akiwa mmoja mji mzima, hata mkisaini mikataba miwili mmerudi pale pale.

Cheti cha ndoa kitoeni sasa hivi, cha serikali, kithibitishwe RITA na kigongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje kabla hamjaondoka. Viza ya mwenzi haitoki kwa picha za harusi. Nimewaona watu wamekwama kwa karatasi hiyo moja, kuifuatilia ukiwa mbali ni mateso. Chanjo ya homa ya manjano nayo, kadi mnayo? Thailand inaidai kwa wanaotoka kwetu. Viza siku hizi inaombwa mtandaoni na ubalozi wanaotusikiliza sisi uko Nairobi, kwa hiyo wakala anayekuambia ana mtu wake ubalozini anayewapitisha haraka, muulize huyo mtu anakaa chumba gani kwenye intaneti.

Chakula usiogope. Watu wa kule wanakula wali wa kunata kwa mkono, na kachumbari yao ya papai bichi wanaitwanga kwenye kinu, pilipili haina huruma. Utazoea kabla ya mwezi kuisha.

Turudi kwa wakala, maana muda unakubana. Leo hii mwandikie. Muulize jina la mwajiri litakaloandikwa kwenye kibali cha kazi, si jina la shule mtakayofundisha. Muulize nani mwenye nyumba na hati ya kupanga itakuwa kwa jina la nani. Muulize Aprili inalipwa au hailipwi. Halafu mwambie mkeo haendi kwa mwajiri huyo, anatafuta wake. Angalia atakavyobadilika. Wetu alipoulizwa na wanandoa wengine waliokuja baada yetu, alianza kwa kusema nafasi zitaisha, akafuatia na kwamba mke hawezi kupata viza peke yake, akamalizia kwa kuwaambia hawaaminiani ndani ya ndoa yao. Akikujibu lolote kati ya hayo, umeshampata.

Majibu yake yabandike hapa hapa kwenye uzi, futa majina tu. Na mkataba, ule wa Kithai na si tafsiri yake, nitumie kwa ujumbe wa faragha. Nina mwalimu mwenzangu wa kule atausoma mstari kwa mstari, na mume wangu naye ataupitia. Wifi naye ajiunge humu tuzungumze, maana naona maswali yote umeuliza wewe na anayeambiwa aache kazi yake ni yeye.